Wamama Wanaocheza Kati

Jumanne, 14 Oktoba

Nesi wa kliniki ya presha ameniambia niwe naandika kila siku zoezi nililofanya. Anasema nikiulizwa najibu tu "natembea, natembea," halafu mashine ikinibana mkono inasema mengine. Haya basi. Leo nimefunga kibanda changu cha kushona jioni, nikatembea hadi bustani iliyo nyuma ya soko letu la Kathonzweni, nikaizunguka, nikaketi kwenye benchi. Jakaranda zimechanua zote. Maua yametandazwa chini mpaka mtu anaogopa kuyakanyaga.

Mvua bado.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimetembea. Mawingu yalikuja upande wa mji wa Wote, yakageuza.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo sikuwa peke yangu. Kaltun, mwenye duka la vitambaa linalotazamana na kibanda changu, aliniona nikifunika cherehani mapema akasimama mlangoni mwake.

"Mama Wayua, kila jioni unaenda wapi?"

"Bustani."

"Kufanya nini?"

"Kuzunguka."

"Kuzunguka? Kwani umepoteza kitu?"

Akafunga duka akaja. Tumetazamana na Kaltun, yeye kwenye mlango wake na mimi kwenye kibanda changu, tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa. Mume wake Roble ananunua mbuzi na nusu ya mwezi yuko safarini. Wangu, Kivuva, alifariki mwaka jana mwezi wa pili. Wakati huo kila mtu alikuja kwangu na maneno. Kaltun alikuja na chai, akaketi, akanyamaza.

Leo hakutaka benchi. Aliketi kwenye nyasi, akavua viatu, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake. Nami nikavua. Nyasi zilikuwa kavu, zikinichoma kidogo. Nilizipenda.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya ibada shemeji yangu Mbaluka alinisimamisha nje ya kanisa. Yeye ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, na tangu mwaka huu ni mwenyekiti wa kamati inayosimamia bustani. Watu wote humwita Mwalimu, hata mimi.

Habari ni njema. Familia ya Munyoki, kijana anayetaka kumwoa binti yangu Wayua, imekubali kuja kutoka Ikutha tarehe kumi na tatu Desemba na mbuzi wa ntheo. Kwetu Wakamba, mbuzi hao wasipopokelewa, hata mkifungishwa ndoa na askofu bado msichana si mke wa mtu.

"Mimi ndiye nitawapokea," Mwalimu alisema. "Wewe jitayarishe tu na wamama wako wa jikoni. Nyumba ya ndugu yangu itaheshimika."

Nilimshukuru kutoka moyoni. Bila yeye sijui yale mazishi ningeyapitaje. Kutembea: kutoka kanisani hadi nyumbani.

Alhamisi, 23 Oktoba

Imenyesha! Ilianza kwa matone makubwa kwenye mabati, tukadhani ni mtu anarusha mawe, kisha ikamwagika yote. Kibanda kinavuja. Niliifunika cherehani kwa nailoni, nikalowa mimi. Sokoni watu walisimama tu chini ya mvua wakicheka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimepanda ndengu na kunde. Hilo nalo ni zoezi, nesi apende asipende.

Jumatatu, 27 Oktoba

Naandika huku magoti yananilalamikia.

Mchana kulikuwa na kazi kidogo, nikashona mpira. Nilijaza soksi kuukuu kwa vipande vya vitenge, nikaizungushia uzi, nikaifunika kwa kitambaa chekundu kilichobaki kwenye sare za kwaya. Nilikuwa namfanyia Kaltun mzaha, maana Ijumaa alinisimulia jinsi alivyokuwa bingwa wa kati shuleni Garissa. Mimi pia nilikuwa bingwa. Msichana gani wa Kenya hakuwa bingwa wa kati? Wawili wanasimama pande mbili wanarushiana mpira, mmoja yuko katikati anaukwepa. Ukigongwa, unatoka.

Bustani imekuwa kitu kingine kwa siku chache. Nyasi zimesimama kijani, bogenvilia kwenye ua zimefunguka, ndege wadogo wa manjano wanasuka viota kwenye mgunga ulio karibu na tangi la maji. Nilimwonyesha Kaltun mpira. Aliupima mkononi.

"Unajua mimi nina wajukuu?"

"Mimi najua kwamba unaogopa."

Akafunga buibui yake kiunoni. Nzisa, anayeuza mboga, alikuwa anapita na karai tupu, tukamwita awe mrushaji wa upande wa pili. Mimi nikaingia kati.

Wa kwanza uliponipita nilisikia upepo wake shavuni. Wa pili niliuruka. Nasema niliruka, mimi, mwili huu wote, na sketi ya kitambaa kizito. Wa tatu ulinigonga mgongoni puu, nikapiga yowe, na nilipogeuka Kaltun alikuwa amelala chini kwa kicheko. Tulicheza mpaka tukashindwa kupumua. Kisha tuliketi tukala muthokoi wa Nzisa uliobaki, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwa mikono, kwenye leso moja.

Nilipofika nyumbani niligundua nilikuwa naimba.

Ijumaa, 31 Oktoba

Kati tena. Leo tuko kundi. Nzisa ameleta wauza nyanya wenzake. Mvua ilitukuta tukaendelea.

Jumanne, 4 Novemba

Mumbua, mke wa Mwalimu, alikuja kibandani akiwa na blauzi isiyohitaji kushonwa. Aligeuza mshono huku na huku.

"Sema tu, Mumbua," nikamwambia. "Blauzi haina kitu."

"Nimetumwa."

"Najua."

"Mwalimu anasema watu wanaongea. Mjane, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, anaruka ruka mbele ya bodaboda. Sketi inapanda. Na wageni wa Ikutha wako njiani."

"Na wewe unasemaje?"

Aliitazama blauzi. "Mimi nimetumwa tu."

Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nitaacha. Alipoondoka nilikasirika naye zaidi kuliko na mume wake. Mwanamke mzima, na anabeba maneno kama karai la mtu mwingine.

Alhamisi, 6 Novemba

Kibao kimewekwa bustanini. USIKANYAGE NYASI. Rangi bado mbichi.

Kyule, askari wa geti, alitufuata kwa aibu. "Wamama, si mimi. Ni kamati."

"Na nyasi zilipandwa za nini?" Kaltun akamuuliza.

"Za kuangalia, nafikiri. Na za picha. Kamati inataka kukodisha kwa harusi."

Tuliangalia nyasi. Kisha tukavua viatu tukaingia, na Kyule akageuka akatazama barabara kwa bidii sana.

Jumapili, 9 Novemba

Leo nimelia, na sijui kama ni kwa huzuni au hasira, kwa hiyo naandika yote.

Mtu alituchukua video. Ni fupi. Mimi niko kati, Kaltun anarusha, mimi nakwepa kwa kuzunguka kama pia, kitambaa cha kichwani kinaanguka, nacheka mdomo wazi mpaka mapengo yanaonekana. Aliyeichukua ameongeza maneno: "Mjane amechangamka Kathonzweni." Imeingia kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, ikatoka hapo ikaenda Wote, ikavuka mpaka Ikutha. Wayua anafanya kazi katika duka la dawa huko Wote. Alipiga simu kabla sijavua nguo za kanisani.

"Mwaitu, umenifanyia nini?"

"Nimecheza mpira, mwanangu."

"Shangazi yake Munyoki amemtumia hiyo video. Amemuuliza, huyu ndiye mama mkwe? Mwaitu, kila mtu ameiona. Mteja amenionyesha hapa dukani, hajui ni mama yangu!"

"Ungemwambia ni mama yako."

Nilisikia gari likipita upande wake.

"Acha tu mpaka Desemba," akasema. "Ni wiki chache. Mbuzi wakishapokelewa, ruka upendavyo. Siwezi kukuomba kitu kidogo hivyo?"

Nilisema nitafikiria. Akakata.

Nimeitazama hiyo video peke yangu. Mara ya kwanza niliona aibu, ndiyo. Niliona tumbo, niliona mapengo. Kisha nikaitazama tena nikamwona mwanamke anayefurahi, na nikashangaa kwamba kumbe ndivyo ninavyofanana.

Jumanne, 11 Novemba

Sikwenda. Nilishona.

Jumatano, 12 Novemba

Sikwenda. Mvua nzuri. Ndengu zimetoa majani. Kaltun alinitazama kutoka mlangoni mwake, hakuuliza.

Ijumaa, 14 Novemba

Mwalimu amekuja mwenyewe nyumbani. Nilimpa kiti na chai. Alianza vizuri. Alisema amefurahi kusikia nimeacha, kwamba kila mtu hukosea, kwamba majonzi humfanya mtu afanye mambo. Kisha akasema Jumapili nitasimama mbele ya kanisa, niombe msamaha, jambo liishe. "Ni maneno machache tu. Nitakuandikia."

"Msamaha wa nini, Mwalimu?"

"Unajua."

"Sijui. Niambie wewe, kwa jina lake. Nimezini? Nimelewa? Nimemtukana mtu?"

Uso wake ulibadilika. "Umelidhalilisha jina la Kivuva. Alinishika mkono hospitalini akaniambia, kaka, chunga nyumba yangu. Mimi nachunga. Wewe unaruka."

Hapo alifuta macho, nikaona kwamba hata yeye bado anamlilia ndugu yake. Kwa muda mfupi nilitaka kumwambia ndiyo, lete hayo maneno nisome. Ningeweza kuacha kimya kimya, kwa ajili ya Wayua, na pengine nisingerudi tena bustanini mpaka nife. Lakini kusimama mbele ya watu na kusema kwamba kucheka kwangu ni dhambi? Hapana. Kivuva mwenyewe alikuwa mtu wa kicheko. Nilimwambia Mwalimu chai inapoa.

Jumapili, 16 Novemba

Mchungaji aliniita mbele. Mwalimu alikuwa na karatasi mkononi, hakunipa kwa sababu sikunyoosha mkono. Nilishika maikrofoni.

Nilisema: "Wapendwa, nimeambiwa niombe msamaha. Nimejichunguza wiki nzima. Nimekaa nyumbani tangu Kivuva afariki, nikalia mpaka nikapata presha. Nesi ameniambia nitembee. Nimetembea, nikakutana na nyasi, nikacheza mchezo ambao dada zenu na mama zenu wote waliucheza. Sina neno la kuombea msamaha. Leo mchana nitakuwa bustanini. Anayetaka kuja, aje na viatu anavyoweza kuvua."

Mtu mmoja nyuma alisema "Amina" akazibwa mdomo na mwenzake.

Kabla ya baraka ya mwisho ilitangazwa kwamba nimepumzishwa uenyekiti wa akina mama. Nimeuongoza huo ushirika tangu Wayua yuko darasa la kwanza. Nilishona sare zao zote. Hilo limeniuma, siwezi kuandika kwamba halikuniuma.

Lakini mchana nilikwenda. Kaltun alikuwa amefika tayari, na mpira.

Jumatatu, 17 Novemba

Geti limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Kyule anasema ni amri, bustani sasa ni ya waliokodisha tu. Na Mwalimu amepiga simu: hatawapokea watu wa Ikutha. "Tafuta mtu mwingine wa kukusimamia, kwa sababu mimi umenionyesha huna haja nami."

Wayua amepata habari. Hapokei simu yangu.

Jumanne, 18 Novemba

Tumeketi nje ya geti. Tumetandika leso kando ya barabara, kwenye nyasi za mtaroni, na tumecheza hapo hapo. Mpira ukiingia barabarani bodaboda wanaurudisha.

Jumatano, 19 Novemba

Geti, mvua, leso. Kaltun ameleta chai ya maziwa yenye iliki kwenye chupa.

Ijumaa, 21 Novemba

Mwalimu alipita na mwavuli. Tulimwamkia sote pamoja, kwa heshima, kama darasa. Akainamisha mwavuli, akapita.

Jumatatu, 24 Novemba

Tumekuwa wengi. Wengine ni wa kanisani kwetu. Hawasemi kitu kuhusu kanisa, wanavua tu viatu. Kupitia ua tunaona nyasi za ndani zimefika magotini, hakuna mtu wa kuzikanyaga wala kuzikata. Vipepeo wamejaa huko peke yao.

Jumatano, 26 Novemba

Roble amerudi safarini akamkuta mke wake mtaroni. Nilidhani hapo ndipo mwisho. Alisimama, akatutazama, akamwuliza Kaltun kwa Kisomali. Kaltun akajibu. Roble akacheka akaenda zake.

"Ameuliza nini?" nikamwuliza.

"Ameuliza nani anashinda."

Jumamosi, 29 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie na magari.

Tulikuwa mahali petu mtaroni, mvua imetoka kuacha, tulipoona magari yenye maua na ribboni yakipanda kutoka barabara kubwa, honi juu. Harusi ya kwanza kukodisha bustani. Kyule alifungua mnyororo, akafungua geti lote. Watu wakaanza kushuka, wapiga picha mbele, kisha mashangazi wa bibi harusi na leso zao, wakiimba na kupiga vigelegele.

Nzisa alinitazama. Nami nikamtazama Kaltun. Tulisimama, tukajipangusa matope, tukashika wimbo, tukaingia. Nani atamtenganisha shangazi wa harusi na muuza nyanya, wote wana leso na wote wanapiga vigelegele? Kyule alinitupia jicho nilipopita, kisha akageukia barabara kama hajatuona.

Ndani nyasi zilikuwa zimelowa na kung'aa. Tulikusudia kusimama tu pembeni tuone bustani yetu. Lakini mpiga picha alikuwa anamsumbua yule bibi harusi: inua kidevu, shusha kidevu, usicheke. Msichana alikuwa amechoka mpaka poda inapasuka. Akatupa macho pembeni, akaona mpira mwekundu kwapani mwa Kaltun.

"Nyinyi!" alisema. "Nyinyi ndio wale wamama wa kati?"

Nilifikiri anatufukuza. "Ndio sisi. Tutatoka, usijali."

"Mtoke wapi? Niliona ile video nikacheka mpaka mama yangu akaja kuniangalia." Akamgeukia msimamizi wake. "Nivue viatu."

"Gauni!" mtu akapiga kelele.

"Gauni limekodishwa na mimi nimelilipia. Nishikieni."

Akakusanya lile gauni lote mikononi kama mtu anayebeba nguo za kufua, akaingia kati, miguu mitupu kwenye nyasi. Kaltun akarusha. Msichana akakwepa. Mimi nikarusha, akaruka, shela likaruka naye, na watu wakapiga yowe kama goli limefungwa. Mashangazi wa kweli wakaanza kuvua viatu. Bwana harusi akaambiwa aingie, akagongwa mara moja kwenye sikio, akatolewa kwa kelele. Mpiga picha aliacha kusema kidevu, alikuwa anapiga tu.

Hapo Mwalimu akaingia. Alikuwa amekuja kama mwenyekiti kuwakaribisha wageni, suti ya kijivu, mwavuli. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye nyasi, akaniona.

"Kyule! Toa hawa wanawake."

Kyule alikuja akasimama. "Nitoe nani, Mwalimu? Bibi harusi yuko katikati."

"Hawa wetu. Unawajua."

"Mzee," baba wa bibi harusi aliingilia, mtu mrefu, mstaarabu, jasho usoni kwa kucheza. "Kuna shida? Hawa wamama ni wa bustani, sivyo? Nilidhani nyinyi ndio mmetupangia. Ahsante sana. Binti yangu amelia tangu asubuhi, hii ni mara ya kwanza leo naona meno yake."

Mwalimu alifungua mdomo. Wageni wote walikuwa wanamtazama, wengine na simu juu. Akaufunga tena mdomo. Nilimwona akiangalia kibao chake cha USIKANYAGE NYASI, ambacho shangazi mmoja alikuwa ametundikia mkoba, na mara nikaona jinsi alivyo mzee.

Mumbua alikuwa nyuma yake. Alikuwa amesimama kwenye njia ya saruji, vidole vya viatu vyake mpakani kabisa mwa nyasi. Mpira ulibingirika mpaka kwake. Aliuokota. Mume wake alimwambia kitu bila kugeuka, nadhani alimwambia turudi. Mumbua akaurusha mpira, kwa nguvu, kwa mkono wa mtu aliyewahi kuwa hodari, ukanigonga kifuani.

"Umetoka, Mama Wayua," akasema. "Pisha."

Jumanne, 2 Desemba

Geti wazi. Picha za bibi harusi miguu mitupu zimezunguka kuliko ile video yangu. Watu wawili tayari wamekuja kumwuliza Kyule bustani inakodishwaje na kama wamama wa kati wanakuja nayo. Kibao kimeng'olewa, hakuna anayejua na nani, na mimi sitauliza.

Uenyekiti wa akina mama sijarudishiwa. Wamempa mwingine. Haya.

Jumamosi, 6 Desemba

Wayua amekuja bila kupiga simu. Alinikuta bustanini, akaketi kando yangu. Hakuvua viatu. Kwa muda tuliwatazama wenzangu wakicheza.

"Munyoki anasema watakuja," akasema. "Wazee wao wanabishana lakini watakuja. Hawajui kama kutakuwa na mtu wa kuwapokea."

"Wewe bado unaona aibu?"

"Kidogo."

"Ona tu. Haitakuua."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio. "Haikuwa aibu, mwaitu. Nilisema aibu kwa sababu ni rahisi kusema. Nilipoyaona yale meno yako kwenye video... Tangu baba afe sijakuona ukicheka. Mimi bado naamka namlilia. Nikakuona unacheka hivyo, bila mimi, bila yeye, nikasema, basi amemsahau. Nimebaki peke yangu kumkumbuka."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilikuwa nimepigana na kila mtu nikidhani ni vita vya sketi na nyasi, kumbe mtoto wangu alikuwa anaumia mahali pengine kabisa. Nilimshika.

"Simsahau," nikamwambia. "Kila jioni nikitoka hapa namsimulia nani amegongwa. Lakini sitakufa ili watu waone nilimpenda. Hilo siwezi, hata kwa ajili yako."

Alilia begani kwangu kwa muda mrefu. Kaltun aliusimamisha mchezo, akawapeleka wote kutazama viota vya ndege, mahali ambapo hakukuwa na lolote jipya la kutazama.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimevuna kunde za kwanza. Nimemtumia Mwalimu habari kupitia Mumbua: kiti chake kipo, aje kama ndugu. Mumbua amerudi bila jibu. "Lakini mimi nitakuja," amesema. "Na leo sijatumwa."

Jumamosi, 13 Desemba

Wamekuja. Pikapu yenye mbuzi nyuma na gari la wazee. Boma lilikuwa limefagiwa, Kaltun alikuwa amenifungia turubai na mapazia ya dukani kwake, Nzisa na wenzake wako jikoni. Kiti cha mwenye boma nilikiweka mwisho wa turubai, kikitazama geti. Kisha nikakikalia.

Msemaji wao ni mjomba wa Munyoki, mzee mkavu mwenye fimbo, ametoka Ikutha alfajiri. Alisalimu, akatazama viti, akatazama tena.

"Tumeleta mbuzi," alisema. "Mwenye boma ni nani?"

"Ni mimi."

"Mama, nakuheshimu. Nauliza mwanamume wa boma hili."

"Amezikwa pale nyuma ya migomba. Ukitaka kumsalimu nitakupeleka. Lakini aliyelima hapa, aliyesomesha huyu msichana, na atakayekupa jibu, ni mimi. Mbuzi hao nitawapokea mimi."

Wazee walinong'ona. Mmoja alisema kwa sauti kwamba ndiye yule wa video. Mjomba akawaashiria, wakatoka nje ya geti wakasimama karibu na pikapu. Mbuzi walikuwa wanalia. Jikoni palikuwa kimya kabisa, nikajua Wayua amesimama nyuma ya mlango. Niliwaza: wakigeuza gari, lawama ni yangu. Na hata hivyo sikuinuka kwenye kile kiti.

Walirudi. Mzee aliketi, akalaza fimbo.

"Ndugu yangu mmoja anasema hii haijawahi kufanyika," akasema. "Nimemwambia mimi nimekula na kuongea katika maboma mengi yenye wanaume ambao hawakujua binti zao wako darasa la ngapi. Tutaongea na wewe, mama."

Hapo ndipo Mwalimu akatokea getini. Suti ile ile ya kijivu. Alikuja taratibu katikati ya viti, akasimama mbele yangu, mbele ya kiti, akingoja kama mtu anavyongoja kupishwa mahali ambapo hupishwa siku zote.

Mzee wa Ikutha alimtazama. "Na huyu ni nani hapa?"

Mwalimu alinitazama mimi. Mumbua alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Ningeweza kumlipa kila kitu kwa neno moja, na wageni wangenisikia, na habari ingefika kanisani kabla ya jua kutua.

"Huyu ni kaka wa marehemu mume wangu," nikasema. "Ni mkubwa wetu. Mpeni kiti."

Kijana aliyeketi kando yangu akainuka. Mwalimu akashusha pumzi, akashika mgongo wa kiti changu.

"Si hiki, Mwalimu," nikamwambia. "Hiki nimekalia mimi."

Akakiachia. Akaketi kando yangu, upande wa kushoto, mwavuli katikati ya magoti, na mjomba wa Munyoki akapaza sauti mbuzi washushwe.